Namba ya Kwenye Mabano

Jumatatu, tarehe kumi na nne Aprili 2025. Mvua ya masika ilianza kabla ya adhana ya alfajiri na kunyesha moja kwa moja mpaka saa ambayo jua lilipaswa kuonekana, na jua halikuonekana. Katika ghala la zamani la karafuu pale Mgogoni, ambalo sasa lilikuwa kuta nne na nusu ya paa, maji yalichuruzika kwenye boriti zilizoungua na kudondoka sakafuni yakiwa meusi. Fundi Jaribu alikuwa amepiga magoti mbele ya ukuta wa mashariki, bisibisi mkononi, akihangaika na skrubu ya soketi iliyoyeyuka.

Skrubu ilikataa. Akasema bismillahi kwa mara ya pili, akaegemeza uzito wa bega lote, na soketi ikang'oka pamoja na kipande cha plasta. Usoni pake ilikuwa bado imeng'ang'ania taima, ile saa ya kuwasha na kuzima taa, au kitu ambacho zamani kilikuwa taima: bonge jeusi la ukubwa wa ngumi, plastiki iliyoyeyuka ikaganda, bila sura wala namba.

Ilikuwa siku ya arobaini tangu Samiha afe ndani ya ghala hili. Alasiri ingesomwa hitima nyumbani kwake, na baada ya hitima wazee wangekaa kuamua juu ya Bi Tatu, mwanamke ambaye kila mtu Mgogoni alijua kwamba ndiye aliyeleta moto.

Jaribu aligeuza lile bonge mkononi. Alijua anachokitafuta ndani yake. Tangu Jumanne alikuwa akiamka kabla ya alfajiri, akiswali rakaa mbili, akimwomba Mungu asikikute.

Alilibana kwa koleo mpaka likapasuka. Ndani kulikuwa na vipande viwili vyembamba vya shaba, kila kimoja na kitone cheupe kwenye ncha. Kazi ya vitone hivyo ni ndogo: hugusana taa zikiwaka, huachana taa zikizimika. Alivipangusa kwa kidole gumba, akavisogeza kwenye mwanga. Vilikuwa vimeshikana, vitone viwili vimekuwa kimoja, upande mmoja umejaa mashimo kama jino bovu. Alitia ncha ya bisibisi katikati, akabinua. Havikuachana.

Akatazama waya. Waya ulioungua kwa moto wa nje huanza kuungua ngozi. Huu uliungua kuanzia kwenye skrubu ya soketi, ukaendelea kwenda nje. Chini yake ndipo yalipokuwa yamepangwa maboksi ya chupa za miche. Kisha akageuka na kutazama upande wa pili wa ghala, mlangoni, hatua kumi na mbili kutoka pale. Chetezo cha ubani cha Bi Tatu kilikuwa bado pale pale, kimesimama wima, kimejaa majivu yaliyolowa. Ubao wa chini wa mlango, uliokuwa karibu nacho, haukuungua. Watu wote walikuwa wamekiona kile chetezo. Mkaguzi aliyekuja siku ya pili alikiona, akaandika chetezo. Hakuna aliyetazama kilisimama wapi.

"Asalaam aleikum, fundi."

Jaribu alifumba mkono. Mlangoni alisimama Mzee Sleiman na mwavuli wake mkubwa mweusi, kanzu ameipandisha kidogo isilowe tope.

"Wa alaikumu salaam, Mzee Sleiman."

Ghala lilijengwa na babu yake Mzee Sleiman, enzi ambazo mikarafuu yote ya upande ule ilikuwa ya ukoo wao. Mashamba yalikwisha kwenda, ghala likabaki. Mzee Sleiman, ambaye sasa aliishi kwa duka la vitambaa na heshima ya watu, alilitoa kwa kikundi cha akina mama wa miche ya vanila bila kodi, kwa kutaka thawabu.

"Yakhe, bado tu wachokoa vyuma?"

"Namalizia waya za ukuta huu, mzee."

"Wazimalizia za nini? Tupa shimoni zote. Kesho kutwa waja watu kubomoa. Mie silitaki tena kuliona. Kila nikipita nasikia harufu, sijui ni pua yangu au ni roho." Alitema mate pembeni. "Na ile madrasa mpya, nishawaambia wenzangu fundi ni wewe. Vyumba vinane, na feni. Hatutaki hawa vijana wa mjini wanaokuja na miwani ya jua."

"Mungu akulipe, mzee."

"Basi alasiri usichelewe. Jambo la huyu Tatu lataka watu wazima. Hudhaifa kafiwa na mke, kasema hataki kumwona akipita mbele ya mlango wake, na wenzake kikundini hawamtaki. Atarudi kwao Msuka, kwa kaka yake. Hata yeye ndiyo salama yake."

"Mwenyewe asemaje?"

"Asemeje? Kakiri! Mtu kakiri kwa mdomo wake, wewe utamtetea na nini?"

Jaribu aligeukia ukuta. Mkononi mwake kile kipande cha shaba, kisichozidi ukucha, kilikuwa kimepata joto la mwili. Mzee Sleiman alipokwisha kwenda, alikitia kwenye mfuko wa kifua wa shati na kukusanya zana zake.

*

Taa zilikuja mwezi wa Januari, msaada kutoka nchi ya baridi, ambako zilikuwa zikiotesha maua ndani ya nyumba za vioo. Nane, kila moja wati mia sita, kila moja na choki yake, koili ya kuiwashia, nzito kama tofali. Akina mama walicheka mpaka wakashika mbavu: taa zinaletwa Pemba, kisiwa ambacho jua linakausha karafuu kwa siku nne! Lakini miche yao ya vanila haikuwa miche ya kawaida. Ilikuja ndani ya chupa, laini kama kucha za mtoto, na jua la nje lingeiua kwa siku moja, kama konokono wasingeitangulia. Ilitaka chumba safi kilichofungwa, feni, na mwanga wa kupimwa: saa kumi na sita za nuru, saa nane za giza.

"Mche nao hulala, Mzee Jaribu," Samiha alimwambia. Ndiye aliyekuwa katibu wa kikundi, mwanamke mwembamba aliyesema haraka haraka. "Sasa sisi hatuwezi kuja usiku kuzima. Tutafutie kitu kitakachozima chenyewe. Kizuri, tafadhali. Cha kuaminika."

Cha kuaminika. Jaribu alikwenda Chake Chake, dukani kwa Ashraf, akaeleza.

Ashraf alipiga mluzi. "Wati mia sita mara nane? Hizo taa au jua? Tena hizo zina choki, mzee. Watu huweka kontakta." Akaweka mezani kidude cheupe chenye skrubu nyingi na, kando yake, taima ndogo ya kufungwa kwenye boksi la breka. "Taima inatoa amri tu. Kontakta ndiyo inayobeba mzigo. Hii hata ukiiwasha na kuizima miaka, haichoki. Mchoro wake huu hapa."

Jaribu alitazama mchoro. Mistari, viboksi, herufi na namba. Miaka thelathini alikuwa akitia umeme nyumba za watu kwa macho na vidole, kama alivyomwona marehemu mjomba wake akifanya, na hakuwahi kufuata mchoro. Angesema tu, "Mwanangu, hii siijui, nielekeze," Ashraf angemwelekeza, maana alikuwa kijana wa watu, mpole. Lakini nyuma yake walisimama wateja watatu, na mmoja alikuwa fundi mwenzake.

"Kontakta ya nini?" alisema. Akachukua kutoka rafuni taima ya kuchomeka, ile ya uso wa mviringo wenye meno ya kubonyeza. "Hii hapa imeandikwa kumi na sita. Naweka mbili, kila moja taa nne. Taa nne hazifiki hata ampea kumi na mbili. Piga hesabu mwenyewe."

Ashraf alipiga hesabu. "Hesabu yako sawa, mzee, lakini..."

"Lakini nini? Nimeanza kutia umeme nyumba za watu wewe bado wanyonya!"

Watu walicheka, na Ashraf naye akacheka, akazifunga taima mbili kwenye gazeti.

Usoni mwa kila taima palikuwa na maandishi madogo: 16(2)A. Kumi na sita Jaribu aliisoma. Ile mbili iliyokuwa ndani ya mabano aliiona pia, akaichukulia kama namba zilizo chini ya vikombe, ambazo hakuna anywaye chai anayezisoma.

*

Masomo ya jioni yalikuwa Gombani, siku za Jumanne na Alhamisi, baada ya swala ya magharibi. Jaribu alijiandikisha mwezi wa Februari kwa sababu siku hizi fundi asiye na cheti hapewi kazi ya maana. Kwa miaka yake hamsini na minane alikuwa mkubwa kuliko mwalimu. Vijana walimwita Mzee Volti, na yeye akakubali jina, akawaletea na karanga. Ramadhani masomo yalisimama. Yaliporudi baada ya Idi, Samiha alikuwa amekwisha kuzikwa, na Jaribu alikwenda darasani kama mtu anayekwenda mahali pa kusahau.

Jumanne iliyopita Mwalimu Danford, mtu wa Kagera aliyeletwa Pemba na kazi ya serikali na kukizoea kisiwa mpaka akaanza kusema "yakhe", aliandika ubaoni: 16(2)A.

"Nani aniambie hii ni nini?"

"Ampea kumi na sita!" darasa likaitikia.

"Na hiyo ya mabanoni?"

Jaribu aliweka kalamu chini.

"Kumi na sita ni kwa mizigo mipole," alisema Mwalimu Danford. "Pasi, hita, taa ya kawaida. Ya mabanoni ni kwa mizigo yenye koili: mota, pampu, taa zenye choki. Hizo zikiwashwa, kwa muda wa kupepesa jicho tu, zinavuta mara nyingi kuliko kawaida yake. Zikizimwa, hazikubali kuzimika kimya, zinapiga cheche mlemle ndani. Cheche asubuhi, cheche usiku, kila siku ya Mungu. Mwisho vile vitone vinaungana, na mahali pale panashika moto. Tena breka haitaruka, maana mzigo haujazidi. Kwa hiyo kwa taa za choki, hiki kifaa ni cha ampea ngapi?"

"Mbili," alisema mmoja.

Jaribu aliinua mkono. "Mwalimu. Na mtu akichomeka taa nne kubwa, zenye choki?"

"Huyo, Mzee Volti, atakuwa anamtegemea Mungu peke yake."

Darasa lilicheka. Jaribu aliinamia daftari lake, na kwa zile herufi zake kubwa za polepole akaandika: *mbili*. Kisha akabaki ameshika kalamu, akitazama neno likikauka.

*

Kabla ya alasiri alipiga hodi kwa Bi Tatu.

Alikuwa amekaa juu ya mkeka, mgongo ukutani, mikono yote miwili imefungwa bendeji mpaka viwiko. Siku ile ya moto aliiingiza mikono hiyo ndani ya moshi na kumvuta Samiha kwa nguo, nguo ikabaki mkononi mwake.

"Karibu, fundi. Ningekupa chai, ila mikono hii haishiki birika, na mwenyewe nimefunga."

"Mungu akutakabalie. Wafunga sita za Shawwal, za baada ya Idi?"

"Sita wapi, babu. Nafunga sitini." Alisema kama mtu anayetaja bei ya chumvi. "Leo ya kumi na nne. Nimemuuliza shehe, kaniambia mwenye kuua kwa makosa, na hana mtumwa wa kumwacha huru, afunge miezi miwili mfululizo. Akikata siku moja aanze upya."

"Bi Tatu, weye ni mgonjwa. Wameza dawa."

"Dawa nameza usiku. Mgonjwa yu hai, fundi. Samiha yu wapi?"

Mvua ilipiga bati. Jaribu alikaa kwenye kigoda, magoti juu, mikono katikati ya magoti.

"Siku ile chetezo ulikiweka wapi?"

"Mlangoni, pale pale pa kila Alhamisi. Watu wanicheka: Ramadhani mashetani wamefungwa, Tatu, ubani wa nini? Mie nilitaka chumba kinukie usiku wa Ijumaa, basi. Na Samiha alikuwa akipenda. Akisema hata miche ipate baraka."

"Hukusikia harufu nyingine? Ya plastiki?"

Alifikiri, macho yake kwenye bendeji. "Nilisikia ubani. Ubani na futari za watu. Samiha akaniuliza, mbona leo moshi mwingi? Nikamwambia ni makaa mabichi. Akacheka. Tukatoka nje tukakaa kungoja adhana. Kisha chupa zikaanza kupasuka, akasema, miche yangu, akaingia. Makaa mabichi. Ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake."

Jaribu alitaka kusema. Neno lilifika mpaka kwenye meno.

"Kuna jambo," alisema Bi Tatu, "sikumwambia mtu. Wakumbuka siku tatu kabla nilikuja kwako? Nikakwambia zile taa usiku hazizimi, na ile saa ukiigusa ina moto?"

"Nakumbuka."

"Ukaniambia umeme umekatika mara nyingi, imepoteza wakati, niizungushe uso. Na joto, ukaniambia, vitu vya umeme ndivyo vilivyo."

"Ndivyo nilivyosema."

"Basi. Nikaizungusha. Waliponiuliza habari za moto, saa sikuitaja. Nilijua si hiyo, maana fundi kashasema. Ningeitaja ingekuwa namsingizia mtu." Alimtazama kwa macho mekundu, yasiyo na lawama hata punje. "Niombee dua, fundi."

"Nakuombea," alisema Jaribu.

Alisimama na kutoka, akashika njia ya msikitini.

Shimo la taka lilikuwa njiani. Lilikuwa limejaa maji ya mvua, makuti na vibati vilivyoungua. Alisimama ukingoni. Hakukuwa na mtu. Alihesabu walio na habari ya jambo hili: Ashraf, ambaye hakujua moto ulianzia wapi, Mwalimu Danford, ambaye hakujua ghala, Bi Tatu, ambaye alijua yote na kuyatupa kwa kumwamini yeye. Na Mungu. Alifikiri habari za madrasa ya vyumba vinane. Alifikiri habari za polisi, na jinsi watu watakavyotazama kuta za nyumba zao usiku, kila ukuta aliopitisha waya. Akatia vidole mfukoni.

Adhana ya alasiri ikaanza. Vidole vikatoka vitupu, akaenda msikitini.

Aliswali safu ya pili. Katika sijida ya mwisho alikaa sana, zaidi ya imamu, maana hakujua aombe nini. Kuomba msamaha kulionekana kama kuruka foleni. Alipoinuka, kitu kilimponyoka kifuani na kugonga jamvi mbele ya mtu wa kulia kwake. Imamu alitoa salamu. Yule mtu aliinama, akakiokota, akakipuliza vumbi na kumnyooshea kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mkubwa wake kitu.

"Mali yako hii, fundi."

Alikuwa Hudhaifa, mume wa Samiha.

*

Hitima ilisomwa. Wanaume walijaa ukumbini na barazani, juzuu zikapita mkono kwa mkono. Nyuma ya pazia la ua walikuwa wanawake, na harufu ya kahawa na mvua. Dua ilipokwisha na mikono kupitishwa nyusoni, Mzee Sleiman alikohoa.

"Ndugu zangu, marehemu katangulia, nasi tuko nyuma yake. Limebaki lile jambo. Tatu yuko uani. Kasema mwenyewe ataka kuomba radhi mbele ya watu. Tumsikie, kisha tumalize kwa wema."

Pazia lilitikisika. Sauti ya Bi Tatu ilitoka ikiwa nyembamba, kavu ya saumu. "Hudhaifa, mwanangu. Mie sikukusudia..."

"Naomba kusema," alisema Jaribu.

Vichwa viligeuka. "Fundi, subiri zamu," alisema Mzee Sleiman. "Mwanamke yuasema."

"Nisamehe, mzee. Akishamaliza nitakuwa nimechelewa."

Alitoa kile kipande cha shaba na kukiweka juu ya sinia la kahawa, katikati ya vikombe, kwa sababu hakuona mahali pengine. Kililia kidogo kilipogusa bati. Kisha akaeleza. Alieleza kama alivyofundishwa, kwa mpangilio: choki, cheche, vitone viwili, namba ya kwenye mabano. Alieleza waya ulivyoungua na chetezo kilivyosimama. Alisema alionywa habari ya joto, siku tatu kabla, akamtaja aliyemwonya na alivyomjibu.

Barazani mtu alinong'ona kwa sauti ya kusikika, "Masomo ya jioni yamempanda kichwani mzee wa watu." Wawili walicheka, wakaona hawana wa kucheka nao, wakaacha.

Hudhaifa alikuwa akitazama sinia. "Hiki ndicho nilichokuokotea msikitini?"

"Ndicho."

"Nikakupa kwa mikono miwili."

"Ndiyo."

"Umejua lini?"

"Kuhofu, Jumanne. Kujua, leo asubuhi."

"Na ulipokuwa ukinunua, hakuna aliyekwambia?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu kuliko pote. Yote mengine mtu angeweza kuyaita kutojua.

"Aliniambia Ashraf. Alinitolea kifaa chenyewe, akaniwekea mezani. Sikujua kukifunga. Niliona haya kusema sijui, mbele ya watu."

Hakuna aliyenyanyua kikombe. Mzee Sleiman alijiinamia, akasema chini kwa chini, kwa upole wa kweli, "Jaribu, fikiri unalosema. Kuna sheria. Bora tulizungumze faragha, wewe na mie na Hudhaifa."

"Nimefikiri siku sita, mzee. Huku mtu mwingine akifunga."

"Nani afunga?" aliuliza Hudhaifa.

"Bi Tatu. Sitini, kwa ajili ya mkeo. Leo ya kumi na nne."

Hudhaifa alifumba macho. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, na kwa muda uso wake ulikuwa mtupu kabisa, kama ukuta uliotolewa kila kitu. Alipofumbua, sauti yake haikuwa ya hasira wala ya msamaha.

"Uliyofanya nimeyasikia. Sasa sema utakalofanya. Simama, na useme kwa sauti, wanawake wasikie, na walio barazani wasikie, ili kesho asitokee mtu kusema alisikia vingine."

Jaribu alisimama. Alikunja mikono mbele, kama aliye kwenye swala, na alipofungua mdomo sauti ilitoka ndogo, akaanza upya.

"Mie Jaribu Faki, mbele ya Mungu na mbele yenu nyote. Ile saumu si ya Bi Tatu, ni yangu. Kuanzia kesho nafunga siku sitini, na nikikata moja naanza upya, hata nikiwa ndani. Kesho asubuhi nakwenda kituoni kwa miguu yangu na hiki kitu mkononi, niandikishe jina langu palipoandikwa chetezo. Mzee Sleiman, madrasa mtafutieni fundi mwingine. Na kila nyumba niliyotia umeme nitaipitia, kama nitaachiwa, na huyo fundi mwingine, nimwonyeshe nilipofunga waya, na nisipopajua nitasema sijui."

Hakuna aliyeitikia amin. Hudhaifa alikuwa ameinamisha kichwa. Nyuma ya pazia mwanamke mmoja alisema taratibu, "Mshikie Tatu kikombe, hawezi," na maji yakasikika yakimiminwa kutoka kwenye jagi, polepole, mpaka yakakoma. Jaribu alibaki amesimama, akisikiliza kama kuna atakayeyanywa.